Mwenyekiti Nyuma ya Magunia

Mtu huyu namjua kwa mgongo. Kwa miaka thelathini na moja amekuwa mume wa binti yangu Rispa, na kama ungeniuliza sura yake ikoje, mpaka mwaka huu nisingekuwa na jibu. Lakini mgongo wake naweza kukuchorea ukutani kwa mkaa. Bega la kushoto limelala kidogo kwa sababu ya kubana faili kwapani. Koti ni la kijivu. Shingo ni fupi, na nyuma ya shingo pana mikunjo miwili, ya juu na ya chini, na akikasirika inakuwa mitatu. Viatu vyake navijua pia, kwa maana akitokea ghafla mimi naangalia chini. Ni vyeusi, vikubwa, vinang'aa hata wakati wa mvua ya Kitale ambayo haimwachii mtu kiatu.

Kwetu Wabukusu, mama mkwe na mume wa binti yake hawaketi nyumba moja. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na mmoja haingii kwa mwenzake. Si ugomvi, ni heshima. Jina lake pia silitaji. Mimi nakumbuka jina la kila mtu. Shule nilisoma miaka mitatu tu, lakini walimu wangu wote ninao hapa: Yohana, Peninah, na Makokha wa kiboko. Ng'ombe wa baba yangu nakutajia mmoja mmoja mpaka ndama. Jina la huyu nalijua sana, ila mdomoni halipiti. Basi nitamwita vile Kitale nzima inavyomwita, yaani Mwenyekiti.

Na ni mwenyekiti kweli. Kamati ya maji alikuwa yeye. Kamati ya mabati ya kanisa, yeye. Mazishi ya watu ambao hata hakuwajua wakiwa hai, yeye. Rispa anasema hata nyumbani wakiwa wawili tu, mume wake ni mwenyekiti na yeye Rispa ndiye mkutano.

Siku ya kwanza kuisikia sauti yake nilikuwa jikoni Misikhu, kwetu kwa zamani, napika na wanawake wenzangu. Wazee wake walikuwa wamekuja kuomba mke. Wanaume wako sebuleni, na sisi tumetega masikio tusikie habari ya ng'ombe. Badala ya ng'ombe nikasikia kijana anasema, "Wazee, kabla hatujaanza, naomba tukubaliane kuhusu ajenda."

Mume wangu marehemu Zakayo akamwambia, "Kijana, si wewe ndiye unaoa? Nyamaza wazee wako waseme."

"Sawa, baba. Lakini ni nani anaandika?"

Hakukuwa na mtu anaandika. Tangu dunia iumbwe hakuna mtu aliyewahi kuandika. Akatoa karatasi mfukoni akaandika mwenyewe, na kidogo kidogo, bila mtu kujua ilianzia wapi, akawa ndiye anayewapa wazee nafasi ya kusema. Nilichungulia nikamwona shemeji yangu Barasa, mtu mkali kama nini, amenyoosha mkono juu. Nyumbani kwa ndugu yake, ameomba ruhusa ya kuongea! Walipoenda, Zakayo akaja jikoni akaegemea mlango. "Huyu," akasema, "ama atakuwa mkubwa ama atapigwa." Mimi nilimwambia nyama imepoa.

Kuishi mji mmoja na mkwe wako ni kazi. Zakayo alipata kibarua Kitale, tukajenga hapa karibu na barabara ya Kachibora, na baadaye Rispa na mume wake wakahamia upande ule mwingine wa mji. Tangu hapo Rispa ndiye trafiki wetu. Asubuhi anapiga simu: "Mama, leo yeye yuko sokoni mpaka saa sita, wewe enda mchana." Jumapili yeye anasali ibada ya kwanza, mimi ya pili. Krismasi, ambayo ina ibada moja, yeye huketi kule ndani wanakowekea vyombo vya meza ya Bwana, na ukisikia "Amina" imetoka ukutani ujue ni yeye.

Siku moja simu ya Rispa iliisha chaji. Mimi huyo sokoni kwenye mitumba, nageuka hivi, koti la kijivu hili hapa! Nikajifunika leso mpaka kichwani. Yeye akaruka akaingia kwa Nanjala, yule wa magauni, akachukua gauni moja akalishika mbele yake kama pazia. Nanjala si mtu wa kupoteza mteja. Nikamsikia: "Hiyo ni saizi ya madam kabisa! Chukua na hii ya maua." Jioni Rispa akanipigia simu karibu alie. "Mama, tangu tuoane huyu hajawahi kuninunulia nguo. Leo ameleta magauni mawili na petikoti. Mmekutana wapi?"

Alikuwa mkuu wa shule huko upande wa Kimilili miaka mingi, na kitu ambacho walimu wake wote wanakubaliana ni kwamba hakuwahi kukosea. Simaanishi hakufanya makosa. Namaanisha hakuwahi kukubali. Kuna muhula alifunga shule Alhamisi badala ya Ijumaa. Watoto wameshabeba masanduku, wazazi hawajajipanga, naibu wake anamwonyesha kalenda ukutani. Alisimama langoni na ile faili, akatangaza kwamba Ijumaa ni siku ya wanafunzi kutafakari wakiwa nyumbani. Muhula uliofuata akafunga Alhamisi tena ili ile ya kwanza isionekane makosa. Mpaka alipostaafu, shule ile ilikuwa inafunga Alhamisi.

Kelele alikuwa hataki. Mtoto akidondosha kijiko, anaitwa. Lakini yeye mwenyewe hawezi kulala bila redio, tena juu, na Rispa akiizima anaamka na kuuliza ni nani amezima wakati yeye anasikiliza. Anahubiri habari ya kufika mapema, na kila mkutano anafika wa mwisho, anasema alikuwa anawapa wengine nafasi ya kutulia. Neno lake kubwa ni "Naomba iingie kwenye kumbukumbu." Mjukuu wangu akipata namba nzuri shuleni, iingie kwenye kumbukumbu. Rispa akiunguza wali, pia.

Zakayo alipokufa, ndipo nilipomjua huyu mtu zaidi. Alisimamia mazishi yote, kuanzia jeneza mpaka sufuria za kuazima, na sikumwona hata mara moja. Alisoma ratiba kwa kipaza sauti akiwa nyuma ya nyumba, ili mimi nisikie bila sisi kukutana macho. Ratiba ilikuwa ndefu, bana, hata marehemu angechoka. Halafu ilipofika "maneno ya mkwe," kipaza sauti kikanyamaza. Watu wakangoja. Tukasikia kitu kama mtu anakohoa, lakini haikuwa kukohoa. Baadaye akasema, "Tuendelee na kipengele kinachofuata."

Na tangu siku hiyo, kila nikienda Bungoma kumwona mwanangu Wafula, nikirudi nakuta kitu kimetengenezwa. Mara mlango wa choo umepata bawaba mpya, mara mfereji wa maji ya mvua umenyooshwa. Majirani wananiambia fundi alikuja, na nje ya ua barabarani palikuwa na mtu wa koti la kijivu anapiga kelele: "Kushoto! Nimesema kushoto!" Yeye hakuwahi kuniambia, na mimi sikuwahi kuuliza.

Sasa nifike kwa Jentrix.

Jentrix Nafula ni mwanamke wa Kachibora, mweupe, mchangamfu, mkono wake unajua chumvi. Alijenga hoteli kwenye ploti iliyo ubavuni mwangu. Jiko langu liko nje, la udongo, limeegemea ukuta wake kabisa. Sikuwa na neno. Alikuwa ananiletea supu ya kuku, ananiita kukhu kama wajukuu wangu. Halafu akaanza kuuza pombe, nayo sikusema kitu. Halafu karatasi ikabandikwa langoni kwake: ameomba leseni ya kuuza pombe mpaka saa nane usiku, kila siku, na muziki. Mwenye pingamizi apeleke kwa kamati ya leseni za pombe.

Alikuwa ameshaanza kujaribu wikendi. Mimi ni mzee, usingizi wangu ni mdogo, na huo mdogo Jentrix alikuwa anauchukua wote. Saa saba za usiku kitanda kinatetemeka. Kwa mwezi mzima nilikuwa nasinzia mchana mpaka nikaunguza maharagwe mara tatu. Wafula akasema, "Mama, uza hiyo ploti urudi Misikhu." Na nani yuko Misikhu? Mke wa Wafula, ambaye mimi na yeye tukikaa wiki moja lazima waitwe wazee. Rispa naye akalia, "Ningekuchukua ukae kwangu, lakini si unajua." Najua. Nyumba yake ni nyumba ya Mwenyekiti, siwezi kulala humo hata kama nimekatwa mguu. Kwa hivyo nyumba yangu ilikuwa hii moja, ambayo Zakayo alipiga kila msumari wake. Leseni ikitoka, naenda wapi?

Nikapeleka pingamizi. Na mwenyekiti wa kamati ya leseni za pombe ni nani? Ni yeye, bila shaka.

Mji ulicheka. Jentrix akaja kwangu na supu mkononi, uso umeanguka. "Kukhu, si ungeniambia? Mkwe wako ndiye hakimu. Mimi nimekwisha."

"Wewe humjui," nikamwambia. "Yule akiona jina langu kwenye karatasi, atakupa mpaka asubuhi ili watu wasiseme amenipendelea."

Sikuwa natania. Nilikuwa naogopa hivyo kabisa.

Kamati ikapanga kuja kukagua, siku ya Jumanne mchana. Rispa akafanya kazi yake ya trafiki: siku hiyo mimi ningekuwa Bungoma kwa Wafula, na Mwenyekiti angekuja bila wasiwasi. Sasa hapa kosa ni langu. Asubuhi hiyo kuku wangu Tabitha alikuwa anaangua, nikaahirisha safari, na nikasahau kumwambia Rispa.

Saa saba hivi nikasikia magari. Nikajifunga leso nikaenda kwa Jentrix kujieleza. Pale langoni alikuwa karani wa kamati, msichana wa Kimilili anaitwa Mitchelle Naliaka, mpole sana. "Kukhu, shikamoo. Ngoja nyumbani, tutakuja upande wako baadaye." Nikageuka. Lakini wakati nageuka, huko ndani mtu alikuwa ameniona.

Alifanya nini? Lango ni moja na mimi niko hapo. Akapita jikoni kwa Jentrix, akatokea nyuma, akaona ua langu lina pengo kuku wanapopita. Mtu wa umri ule, na tumbo lile, akapita. Akajikuta katika boma la mama mkwe wake! Kabla hajajua afanye nini, akasikia nafungua geti langu. Mlango uliokuwa karibu naye ni wa jiko langu.

Mimi sina habari. Nikaketi kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, nikaanza kuchambua maharagwe. Ndipo Jentrix akawasha muziki ili kamati isikie ulivyo. Simlaumu, aliuweka vilevile kama wa usiku, hakudanganya. Lakini huko mbele walikokuwa wameketi, ulisikika kama redio ya jirani. Ile spika kubwa ilikuwa imeegemea ukuta wa huku kwangu. Huku ilikuwa ni ngoma. Vifuniko vya sufuria vikaanza kucheza. Kikombe kikatembea kwenye rafu peke yake. Nikageuka ndani nikishike, na pale chini, katikati ya magunia yangu mawili ya mahindi, nikaona viatu.

Vyeusi, vikubwa, vinang'aa.

Nikageuza uso haraka, nikajifunika leso. Ningekimbia, yeye angedhani nimekwenda kuita watu. Ningeketi, tuko nyumba moja. Kuongea naye siwezi, na mtu wa katikati wa kubeba maneno hakuna. Nikaangalia huku na huku, nikamwona Tabitha kwenye kiota chake.

"Tabitha," nikasema, "mwambie mtu aliye nyuma ya magunia asikanyage maharagwe yangu."

Spika inapiga tu, du, du, du. Halafu ile sauti ya mikutano, lakini ndogo, ya mtu aliyeshikwa:

"Tabitha, mwambie mayi kwamba sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa natafuta njia ya kutokea."

Mayi ni mama. Hajawahi kuniita hivyo nikisikia.

"Tabitha, muulize kama anasikia huo muziki."

"Tabitha, mwambie nasikia kwa mgongo."

"Mwambie basi hivyo ndivyo mimi hulala."

Kifuniko kikaanguka kutoka kwenye rafu, nadhani kilimpata, maana nikasikia "Ai!" Nikamwambia Tabitha kwamba sasa mimi naenda nyuma ya nyumba kuangalia nguo kwenye kamba, na nitakaa huko mpaka niimbe nyimbo mbili. Nikaimba tatu. Niliporudi hakuna mtu, ila kipande cha koti la kijivu kimeshikwa na miiba ya ua. Mvua ikaanza, kamati ikaingia kwenye gari, hakuna aliyekuja upande wangu. Nikasikia Mitchelle anauliza Mwenyekiti alikuwa wapi. "Nakagua," akasema.

Sikumwambia mtu, hata Rispa. Mkwe kuingia jikoni kwa mama mkwe wake ni aibu inayotembea mpaka Misikhu bila nauli.

Alhamisi kamati ikakaa kwenye ofisi. Wanakamati waliofika ni watano, na chini ya watano hakuna mkutano, kwa hivyo Mwenyekiti hakuweza kujiondoa. Mimi nikawekewa benchi nje chini ya dirisha, kichwa ndani ya leso. Yeye ndani ameketi amenipa mgongo. Mitchelle akasimama dirishani kubeba maneno.

Jentrix akaongea vizuri, acha niseme ukweli. Akasema madereva wa malori wanafika usiku na njaa, ameajiri akina mama sita, na yeye mwenyewe amelea watoto wanne peke yake. Watu wakaitikia kwa kichwa. Hata mimi nilikuwa karibu kuitikia.

Zamu yangu ikafika. Nikasema habari ya kitanda na vifuniko. Mwanakamati mmoja, Bwana Hassani, mwenye duka la vitambaa karibu na msikiti, mtu mstaarabu, akasema, "Mama, tunakuheshimu sana. Lakini sisi tulikuwepo Jumanne. Muziki tuliusikia, haukuwa mkubwa."

"Mlikuwa mbele," nikamwambia Mitchelle amwambie.

"Ni kweli. Lakini hatuwezi kuandika kitu ambacho hakuna mwanakamati amesikia. Kuna mwanakamati aliyefika jikoni kwako?"

Hapo jamani. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Neno moja tu, na nalala usingizi mpaka kufa. Nikauangalia ule mgongo dirishani. Mikunjo ya shingo haikuwa miwili wala mitatu, sikuweza kuihesabu. Nikafikiria kile kipaza sauti kilichonyamaza siku ya Zakayo.

"Sina la kusema," nikasema.

"Basi," Hassani akasema, "kama ni hivyo, mimi naona tumpe."

"Na mimi," mwingine akasema.

Tukasikia kiti kinasukumwa. Mwenyekiti amesimama.

"Naomba iingie kwenye kumbukumbu," akasema, "kwamba kuna mwanakamati aliyefika jikoni."

"Nani?" Hassani akauliza.

"Mimi."

"Jikoni kwa nani?"

"Kwa mlalamishi."

"Mwenyekiti! Kwa mama mkwe wako?"

"Nyuma ya magunia. Andika, Mitchelle. Nilimwona anakuja, nikakimbia, nikakosea njia. Nilikosea. Nilikaa humo kama nusu saa. Muziki ule ulikuwa unatikisa meno yangu, na kifuniko cha sufuria kilinipiga hapa."

Kalamu ya Mitchelle ilisimama. Huko nyuma mtu akaanza kucheka, akajizuia, ikawa mbaya zaidi. Ofisi nzima ikapasuka kwa kicheko.

"Na kuna shahidi?" Hassani akauliza huku anafuta machozi.

"Yupo. Anaitwa Tabitha."

"Aitwe basi!"

"Ni kuku," Mwenyekiti akasema, akaketi.

Wakaambiana hawawezi kuandika neno la kuku, na Mwenyekiti akasema kwa kuwa sasa yeye ni shahidi, hapigi kura. Wakaahirisha kwa muda wa saa mbili, Hassani na Mitchelle wakaja kuketi jikoni kwangu muziki ukiwa umewashwa. Hassani alitoka kabla ya wimbo kwisha, amebeba kikombe changu mkononi, anasema kilikuwa kinamfuata. Uamuzi ukawa hivi: Jentrix auze chakula usiku kucha, pombe mwisho saa tano, na spika zihamie upande wa barabara. Jentrix alininunia. Supu aliendelea kuleta, lakini kwa wiki mbili ilikuwa na chumvi ya kuua mtu. Madereva walipozidi kuja kula, chumvi ikarudi kawaida.

Mwenyekiti ndiye aliyelipa. Mjini vijana wakampa jina la Mwenyekiti wa Magunia. Nanjala alimwita sokoni, "Mzee, leo unajificha kwangu ama kwa mama?" Akajiuzulu kamati ya maji kwa sababu kila akisema "natoa hoja," mtu alikuwa anauliza ameitoa jiko gani. Na kabla sijavua leso ya siku ile, simu ikapigwa kutoka Misikhu.

"Ni ukweri ameingia jikoni?" Alikuwa shemeji yangu Barasa. Sasa ni mzee kabisa, lakini ukali uko palepale, na herufi ya L bado inamshinda.

"Ni ukweli."

"Hii maneno haiwezi kaa hivyo. Arete kondoo, na brangeti. Heshima imevunjika, sasa si tuimarize tu vizuri, muanze kusarimiana. Mmezeeka, bana."

Basi walikuja, Barasa na wazee wengine, wakafanya mambo yao na kondoo pale uwanjani kwangu. Mwenyekiti akaletwa akiwa na blanketi jekundu. Akanifunika mabegani, na Barasa akasema, "Sasa inua macho."

Nikainua. Kumbe ana mwanya kwenye meno ya mbele! Rispa hajawahi kuniambia. Na kumbe uso wake ni wa mtu mpole, mwenye haya, hata mashavu yana vishimo kama ya mtoto. Miaka yote ile nilikuwa nimeuwekea ule mgongo uso wa mtu mkali. Akanipa mkono. "Mayi," akasema. Halafu akakosa la kusema. Mwenyekiti, akakosa la kusema! Barasa ilibidi afunge yeye.

Lakini hilo halikudumu.

Sasa anakuja Jumapili mchana, anaketi kwenye kiti cha Zakayo, anakunywa chai, na kuongea. Jumapili iliyopita alianza na maji ya bomba, akaenda kwenye mtaala mpya wa shule, akapita kwenye ugonjwa wa mahindi, akarudi kwenye bomba. Huko kwa Jentrix palikuwa shwari, hata vijiko vyake havikusikika. Ukimya ule nilioupigania ulikuwa umejaa nyumba nzima, na mtu huyu ameketi katikati yake anaumaliza peke yake. Macho yalikuwa yananifunga. Mwisho akaangalia saa, akakusanya ile faili, akasimama.

"Mayi, nimekuchosha. Naomba kufunga mkutano."

"Nani amekuunga mkono?" nikamwuliza.

Akaangalia huku na huku. Tulikuwa wawili tu.

"Hakuna," akasema.

"Basi keti. Chai bado iko."